Tulipokataa Kuchaguliwa Maadui

Dar es Salaam ya miaka ya sabini, jua likishazama, ilikuwa na sauti nyingi kuliko taa. Redio ya betri, ile yenye mkoba wa ngozi uliotobolewa vijitundu mbele, ilitolewa barazani ikawekwa juu ya kigoda. Ilianza taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam, kisha watoto wakanyamazishwa na mkono wa mwenye redio ukahamia kwenye masafa mafupi: mkoromo, mluzi, kipande cha muziki wa Kiarabu, halafu ghafla Mchina anayesema Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Peking ilisema lake na Moscow ikasema lake. London, Cologne, Cairo na Washington nazo zilikuwa na idhaa zao za Kiswahili, na zote zilitupenda. Wazee waliokaa jamvini walisikiliza stesheni tatu au nne kabla ya kulala, wakalinganisha, wakabishana, na mara nyingi wakahitimisha kwamba wote hawa wanatutongoza tu.

Leo dunia nzima iko kwenye simu. Kila mtu anasikiliza peke yake, na simu inamletea upande aliokwisha kuupenda. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa na serikali ya Marekani yenyewe. Barazani kwetu hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Shuleni tulipewa jibu kabla ya swali. Somo la siasa lilikuwa na daftari lake, na ndani ya daftari hilo, kwa kalamu ya Kichina ya kujaza wino iliyokuwa ikivujia mfukoni na kutia doa shati jeupe, kila mmoja wetu aliandika kwamba Tanzania ni nchi isiyofungamana na upande wowote. Mwalimu alichora ubaoni duara mbili, moja Mashariki na nyingine Magharibi, akaweka nukta ndogo pembeni: hiyo ndiyo sisi. Tulinakili duara na nukta. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza kama nukta inaweza kweli kukaa pembeni duara zikianza kusogea.

Na ushahidi wa swali hilo ulikuwa katikati ya mji, tukiupita kila tulipokwenda Posta. Sanamu ya Askari imesimama pale tangu 1927, singe ikielekea bandarini. Tulimjua askari, ila hatukuambiwa kwamba vita aliyopigana haikutakiwa kufika kwetu. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na vifungu vilivyoruhusu nchi za eneo pana lililoitwa bonde la Kongo, Afrika Mashariki ya Wajerumani ikiwemo, zibaki nje ya vita iwapo mataifa ya Ulaya yangegombana. Vita ilipozuka 1914, Gavana Heinrich Schnee alitamani miji ya pwani isiguswe. Agosti 8 manowari ya Kiingereza, HMS Astraea, ilipiga Dar es Salaam kwa mizinga. Novemba ikawa zamu ya Tanga. Huko Ulaya nako Ubelgiji, iliyohakikishiwa kwa mkataba wa 1839 kwamba haitaingizwa vitani, ilikuwa imekwisha kuvamiwa na Wajerumani. Makumi ya maelfu ya wapagazi wetu walikufa kwa njaa, kuhara na kuchoka, na soko la Kariakoo limesimama palipokuwa na kambi yao.

Karatasi haikuzuia hata mzinga mmoja.

Walioitunga sera yetu walikuwa na kidonda kingine, cha karibu zaidi. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Siku tano baadaye serikali iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru ililazimika kuwaomba Waingereza waje kuituliza, na makomandoo wakatua kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur. Kenya na Uganda nazo zilipiga hodi mlango uleule juma lilelile. Uasi ulizimwa upesi, lakini aibu ilibaki. Askari wa Nigeria walikuja kushika zamu, jeshi la zamani likavunjwa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, safari hii vijana wakitoka Jeshi la Kujenga Taifa na umoja wa vijana wa chama cha TANU.

Zanzibar ilikuwa katika jaribu kubwa zaidi, maana ile ndiyo ilikuwa nchi ndogo hasa: watu kama laki tatu, karafuu, na bahari pande zote. Tangu enzi za Waingereza, Wamarekani walikuwa na kituo Tunguu cha kufuatilia vyombo vyao vya anga. Mapinduzi ya Januari 12 yakaja. Ujerumani Mashariki ikatambuliwa, wataalamu wa Kichina na wa Kirusi wakaanza kushuka bandarini, na magazeti ya Magharibi yakapiga kelele kwamba Cuba nyingine imezaliwa. Aprili kituo cha Tunguu kikafungwa. Tarehe 26 ya mwezi huohuo ukaja Muungano wa Zanzibar na Tanganyika. Wajerumani Mashariki walijenga nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani, zenye maji bombani na umeme, na waliohamia humo kutoka vibanda vya Ng'ambo hawakuuliza zege limechanganywa kwa itikadi gani.

Hapo ndipo kutofungamana kulipoacha kuwa neno la daftarini. Muungano ulirithi Wajerumani wawili. Bonn, yaani Ujerumani Magharibi, ilikuwa na sheria yake: anayemtambua ndugu yetu wa Mashariki si rafiki yetu. Dar es Salaam ikatafuta njia ya kati, Wajerumani Mashariki wakaruhusiwa kuwa na konseli tu. Bonn haikuridhika. Februari 1965 ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi waliokuwa wakitufundishia marubani, na Mwalimu Nyerere badala ya kubembeleza akawaambia wachukue na misaada mingine iliyobaki. Canada, mwanachama wa NATO, ikaja kulifundisha jeshi letu hadi 1970, huku silaha na wakufunzi wa Kichina nao wakiingia. Desemba 15 ya mwaka huohuo wa 1965 tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia ya Ian Smith, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaenda na maji. Kauli ya Mwalimu tuliyokua nayo ilikuwa kwamba marafiki zetu hawatatuchagulia maadui.

Ukiitazama leo, ni jeuri ya ajabu kwa nchi iliyokuwa ikihesabu senti.

Lakini mjini tuliiona jeuri hiyo kwa sura ya vyombo vya nyumbani. Reli ya kwenda Zambia ilipoanza kujengwa 1970, sehemu ya gharama zake za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za China madukani kwetu, kwa hiyo kila nyumba ikawa na alama ya reli kabla ya kuliona treni: chupa ya chai yenye maua mekundu, sahani za bati zilizopakwa rangi nyeupe na ukingo wa buluu, tochi ya betri mbili, baiskeli ya Phoenix, beseni la kumwogeshea mtoto. Mvua zilipokataa katikati ya miaka ya sabini, ukaja unga wa njano kutoka Marekani, ambao watu wa mjini waliubatiza unga wa Yanga. Tulikula ugali wa Mmarekani kwenye sahani ya Mchina, na shuleni tukapewa bulga, na mwalimu wa siasa naye alikuja kuchukua fungu lake. Haikutuchanganya. Tuliona ndivyo dunia inavyopaswa kuwatendea watu wasio na ugomvi na mtu.

Aliyesafiri kwenda Mbeya miaka ile aliiona sera hiyo barabarani. Lami ya kwenda Tunduma ilitiwa na Wamarekani, bomba la mafuta la kwenda Ndola lilikuwa limekwisha kulazwa na Waitaliano mwaka 1968, na kuanzia Makambako reli ya Mchina ilitokeza na kuanza kuandamana na barabara. Kilomita 1,860 za reli, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Wahandisi wa nchi zisizosalimiana walipishana kwenye vumbi moja, wakinunua ndizi kwa mama mmoja. Baadhi ya Wachina hawakurudi kwao, na makaburi yao yako Gongo la Mboto.

Sasa reli hiyo imechakaa. China imerudi kuifufua. Wamarekani na Ulaya wameweka fedha kwenye njia nyingine, ile ya Lobito upande wa Angola, inayoyavuta madini ya Kongo na Zambia kuelekea Atlantiki. Zamani wakubwa walijenga sambamba ndani ya nchi yetu. Leo wanashindana ng'ambo na ng'ambo ya bara.

Sitaki kuipaka mafuta enzi ile. Mizani yetu haikulala sawa. Canada ilipoondoka, jeshi likawa la Kichina kuanzia gwaride hadi kifaru, na kila Desemba 9 tulipokwenda kutazama maandamano ya uhuru, karibu vyuma vyote vilivyopita mbele yetu vikitoa moshi mweusi vilikuwa vimetoka upande mmoja. Wala hatukuwa watu wasio na upande. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. FRELIMO ilizaliwa mjini humo Juni 1962. Kongwa na Nachingwea zilikuwa kambi za watu waliokuwa wakijifunza kupiga bunduki, na mitaani kwetu wapigania uhuru walipanga vyumba, wakajifunza kusema shikamoo, wakawa wanatoweka ghafla bila kuaga, kitanda na sufuria vikibaki kwa mwenye nyumba. Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Vijiji vya kusini, kando ya Ruvuma, vilionja mabomu na mitego ya Wareno kwa sababu ya ukarimu huo.

Kwa maana hiyo kutofungamana kwetu hakukuwa kukaa kimya. Taifa kubwa halikupata kambi kwetu, mkombozi aliipata. Tulijichagulia ugomvi wetu na tukakubali kupigwa kwa ajili yake. Mtu anaweza kusema hiyo siyo kutokuwa na upande hata kidogo, na atakuwa na hoja nzuri.

Bili ilikuja Oktoba 1978. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaliteka eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, daraja la Kyaka likabomolewa, na Amin akatangaza kwamba ardhi ile ni ya Uganda. Mwalimu alipohutubia Novemba 2, sababu, uwezo na nia vikawa maneno ya kila kijiwe. Mabasi ya watu binafsi na malori ya mashirika yalichukuliwa, yakapakwa tope yasing'ae, yakaondoka usiku yamejaa vijana na mgambo wenye viatu visivyolingana. Wafugaji walitoa ng'ombe. Redioni bendi za muziki wa dansi zilikuwa na nyimbo za vita kabla vita yenyewe haijafika Masaka.

Tukasubiri rafiki zetu wa pande zote waseme neno. OAU iliomba pande mbili zisuluhishwe, kana kwamba tulikuwa tumegombania kuku. Haikumlaani aliyevuka mpaka. Libya ilimletea Amin askari na silaha. Msumbiji ya Samora Machel ilitutumia kikosi, na deni la Kongwa likawa limelipwa kwa damu. Wakubwa waliotutongoza redioni kwa miaka kumi na tano walikuwa na kazi nyingine. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na Julai yake, kwenye mkutano wa OAU huko Monrovia, wakuu wenzetu, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakiwemo, walitushutumu sisi kwa kwenda hadi Kampala.

Tulikasirika sana. Nakumbuka hasira ile kuliko furaha ya ushindi. Watu wazima walikuwa wakisema barazani kwamba anayenyamaza mwenzake anapoporwa shamba ameshiriki kupora.

Kisha tukalipa. Vita ile inakadiriwa kuwa iligharimu dola milioni 500, na hakuna aliyetuchangia kwa kiasi cha maana. Tuliombwa tufunge mkanda miezi 18. Mkanda ulifungwa hadi ukaisha matundu. Sabuni ilikatwa vipande na kugawiwa, sukari ikawa ya kibali, foleni ya duka la kaya ilianza kabla ya alfajiri kwa kupanga mawe na kandambili kushikilia nafasi, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulifanya watu watupe majini bidhaa walizoogopa kukutwa nazo. Agosti 1986, chini ya Rais Mwinyi, tukatia saini na Shirika la Fedha Duniani masharti tuliyoyakataa kwa miaka. Hatukushindwa na jeshi la mtu. Tulishindwa na daftari la madeni.

Tangu hapo maduka yamejaa. Siitamani foleni ile, na anayeitamani hajawahi kusimama ndani yake na mtoto mgongoni. Sera ya mambo ya nje ya 2001 ilitangaza diplomasia ya uchumi, na uchumi kweli ulikuja: barabara, simu, daraja la Kigamboni, treni ya umeme. Vijana wetu wanaosoma Beijing na wanaosoma Boston wanakutana Krismasi na Idi wakila pilau moja. Hiyo ni faida kubwa, na sisi wa enzi ya bulga hatuna haki ya kuidharau.

Ila kuna jambo lilitokea Machi 2, 2022 ambalo limenikaa kooni. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio la kuitaka Urusi iondoke Ukraine. Nchi 141 zilisema ndiyo, tano zikasema hapana, 35 zikajizuia kupiga kura. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo 35, na Uganda pia. Nchi mbili zilizouana kwa ajili ya mpaka zilikaa benchi moja zikinyamazia mpaka wa mwingine. Kenya na Rwanda zilisema ndiyo, na siku chache kabla ya hapo balozi wa Kenya, Martin Kimani, alikuwa amelieleza Baraza la Usalama kwa nini Waafrika, waliorithi mipaka iliyochorwa na wakoloni, waliamua kuishi nayo badala ya kuifuta kwa bunduki.

Zipo sababu za kujizuia. Silaha zilizowakomboa majirani zetu nyingi zilitoka Moscow, na wakubwa wanaopiga kelele leo kuhusu mipaka walikuwa wakiiuzia silaha Ureno. Ngano na mbolea navyo vina bei yake. Ningezisikiliza sababu hizo kwa heshima zote kama mtu angetueleza. Hatukuelezwa. Mjukuu wangu, aliyekuwa akitazama vifaru vya Ukraine kwenye simu, aliniuliza, "Babu, sisi tuko na nani?" Nilimjibu kwamba hatufungamani. Akaniuliza, "Ndiyo, lakini tumesema nini?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia. Mwaka 2018 kituo kikubwa cha mafunzo ya kijeshi kilifunguliwa Mapinga, Bagamoyo, kwa msaada wa China. Kuanzia Julai hadi Agosti 2024, China, Tanzania na Msumbiji zilifanya hapo mazoezi yaliyoitwa Amani Umoja. Februari 2025 Tanzania ikawa mmoja wa wenyeji wa mazoezi yanayoongozwa na Marekani, Justified Accord, pamoja na Kenya na Djibouti. Miezi sita tu katikati. Unaweza kuyaona hayo kuwa ni kutofungamana kulikokomaa: tunajifunza kwa wote, hatumwogopi yeyote. Unaweza pia kuona kwamba wote wawili sasa wanaijua njia ya kambini kwetu. Mimi naona yote mawili, na kinachonisumbua ni kwamba hatujaulizwa.

Majirani wamechagua njia zao wazi zaidi. Djibouti, nchi ndogo kuliko mkoa wetu wa Lindi, imeamua kuwapangisha wote: Wafaransa, Wamarekani, Wajapani, Waitaliano, na tangu 2017 Wachina, kila mmoja na uzio wake. Kodi inaingia. Kenya iliteuliwa na Marekani Juni 2024 kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO, lakini ilikuwa imeanza kulipa mapema: Januari 5, 2020, Al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu kwenye ardhi ya Kenya.

Na rafiki zetu wa zamani wa Kaskazini, Sweden na Finland, ambao walitusomesha, wakashiriki kutujengea kituo cha elimu cha Kibaha na kutuunga mkono kwa Msumbiji na Afrika Kusini kwa kuwa nao walijiona hawana kambi? Sweden haikuwa imepigana vita tangu 1814. Ilikuwa na kiwanda chake cha ndege za kivita, manowari zake na mahandaki ya raia, na bado, Urusi ilipoingia Ukraine, ikaona haiwezi kusimama peke yake. Finland ilijiunga na NATO Aprili 4, 2023, Sweden Machi 7, 2024. Sweden ya Olof Palme, aliyekuwa rafiki wa Mwalimu, sasa ina jibu lake kwa swali letu la daftarini. Nilipolisikia sikuona usaliti. Niliona wenye nyumba za mawe wakikimbia mvua, nikatazama makuti yetu.

Je, nchi ndogo inaweza? Nadhani tuliwahi kuweza, kwa vipande. Tuliweza kuikataa Bonn kwa jambo la Bonn na London kwa jambo la Rhodesia. Hatukuweza kuwa nje ya kila ugomvi, na pale tulipojidai tunaweza, tulikuwa tukidanganyana. Kilichotufanya tuheshimiwe ni kwamba kila tulipokataa, jambo lilitajwa kwa jina, bei ilijulikana, na waliolipa bei, yaani sisi wa foleni, tuliambiwa tunalipia nini. Hatukukubaliana nayo yote. Lakini tuliambiwa.

Leo jina la sera ni lilelile na marafiki ni wengi kuliko zamani. Kilichopungua ni maelezo. Mwaka 2023 nchi nzima ilibishana kuhusu mkataba wa bandari na kampuni ya DP World, misikitini, makanisani, kwenye daladala, hadi wanasheria wa mtaani wakazaliwa. Kelele zile ziliwaudhi wengi, mimi zilinipa moyo: watu walikuwa wameusoma mkataba, kifungu kwa kifungu. Kuhusu nani anafundisha askari wetu, kwa masharti gani na kwa kubadilishana na nini, sijasikia mjadala wa namna hiyo hata siku moja, na gati likikodishwa vibaya tutapoteza fedha, kambi ikikodishwa vibaya tutapoteza watoto.

Ombi langu kwa wabunge ni dogo. Siri za silaha zibaki siri, lakini kila makubaliano ya mafunzo, mazoezi na matumizi ya ardhi yetu na jeshi la nje yafikishwe bungeni na yasomwe kwa Kiswahili, na kila tunapojizuia kupiga kura New York, Waziri wa Mambo ya Nje atueleze sababu zake wiki hiyohiyo. Na kwenu wenzangu mlioandika ile sentensi kwenye daftari la siasa: wajukuu wakiwauliza, msiishie kuikariri. Waambieni na bei yake, kuanzia pauni milioni 7.5 hadi kipande cha sabuni, kisha waachieni waamue kama wako tayari kulipa.